Arifa za Programu Zanivuruga Kazini

SWALI: Mimi ni mhasibu Mombasa, na daktari amethibitisha kuwa nina ADHD, yaani hali inayofanya iwe vigumu kutulia kwenye jambo moja. Tunatumia programu tatu, za mauzo, mishahara na stoo, na kila moja hunitumia arifa zake, hata najikuta nimeacha ankara nyingi nusunusu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, huo si uvivu. ADHD hudhoofisha uwezo wa kushikilia jambo akilini pindi jingine linapoingia, kwa hiyo arifa inayochomoza pembeni mwa skrini hukupotezea uzi wa kazi uliyokuwa ukiifanya. Zima arifa zote za programu hizo, kisha weka kwenye kalenda ya simu tarehe ambazo KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haitakusubiri, yaani tarehe 9 ya kila mwezi kwa kodi ya mishahara na tarehe 20 kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), zikukumbushe siku kadhaa kabla, maana kikumbusho cha siku yenyewe hakikuachii nafasi ya kurekebisha kosa.

Kabla ya kuiacha ankara yoyote, ihifadhi kama rasimu na uandike kwenye sehemu ya maelezo ulipofikia, kwa mfano, “Nasubiri LPO (hati ya agizo la ununuzi) ya mteja, VAT bado.” Usiitegemee kumbukumbu hata kwa dakika tano.

Msimamizi wa mfumo naye anaweza kukuondolea menyu usizozihitaji. Mwombe kwa maandishi, ukitaja menyu zenyewe. Kumweleza ugonjwa wako ni hiari yako, na kwa maoni yangu ombi hilo halihitaji maelezo hayo.