Kuhamia Chrome hakutaondoa kosa la ukurasa kwenye iPhone
Je, ukurasa wa wavuti ukivurugika kwenye iPhone, kubadilisha kivinjari kutasaidia? Hapana, ukurasa unaovurugika ndani ya Safari ya iPhone kwa kawaida utavurugika vilevile ndani ya Chrome au Firefox. Kanuni za App Store zimelazimisha vivinjari vyote vitumie injini ya Apple, WebKit, yaani programu ya ndani inayochora kurasa. Kinachobadilika ni mambo ya nje ya injini, kama vitufe na alamisho. Kwa hiyo ripoti ipeleke kwenye Bugzilla ya WebKit, tovuti ya kupokea ripoti za makosa, maana watu wa Chrome hawawezi kulirekebisha kosa hilo, na inauma kujaza fomu ndefu bure. Ambatanisha ukurasa mdogo wa HTML, hata mistari kumi, unaoonyesha kosa lenyewe na si kingine. Ila kuna maeneo yenye ruhusa ya injini nyingine, mfano Umoja wa Ulaya tangu iOS 17.4, Machi 2024.