Wasomaji Wanauliza: Mawifi Wawili wa Bagamoyo na Majira ya Baridi ya Italia

SWALI: Assalaam alaikum, Mhariri. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa Dunda, Bagamoyo. Mtoto wa wifi yangu anafanya kazi katika mji wa Bologna, Italia, na ametualika mimi na mama yake tukakae kwake majuma matatu, kuanzia mwishoni mwa Desemba. Ningependa kutumia nafasi hiyo kuona Roma, Florence, Venice, Milan, Naples na Pisa. Wifi yangu anasumbuliwa na magoti, makumbusho hayampendezi, na hamu yake kubwa ni maduka. Je, tutaweza kusafiri pamoja bila kugombana? Na tutafanyaje kuhusu baridi, chakula na sala?
Mwalimu Mstaafu, Dunda

JIBU: Waalaikumu salaam, Mwalimu. Safari inawezekana, ila ratiba yako ina miji mingi mno. Mwezi Januari jua la Bologna huchomoza karibu na saa mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo kila mnapohama mji, muda wa kufunga mizigo, kungoja treni na kutafuta hoteli unakula sehemu kubwa ya mwanga wa siku hiyo. Kwa bahati nzuri kijana wenu anaishi kwenye makutano ya reli. Kwa treni ya kasi, Florence iko mwendo wa dakika 40 hivi, Venice saa moja na nusu, na Roma saa mbili na kidogo. Laleni Bologna, mtoke asubuhi na kurudi jioni, isipokuwa Roma, ambako ni vizuri mkalala siku tatu au nne. Milan na Naples ziacheni kwa safari nyingine. Pisa nayo, pamoja na umaarufu wa mnara wake, sidhani kama inastahili kuchukua siku nzima ya mtu mwenye magoti mabovu.

Wengi huipita Bologna wakikimbilia miji mingine, na hilo ni kosa, hasa wakati wa baridi. Njia zake nyingi za waenda kwa miguu zimefunikwa na varanda za matao zilizojengwa tangu zama za kati, ambazo katika mji wa kale peke yake zina urefu unaokadiriwa kuwa kilomita 38, na mwaka 2021 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wifi yako ataweza kutoka duka moja hadi jingine mvua ikinyesha, bila mwavuli na bila kuteleza. Wewe ingia kanisa la San Petronio, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1390 na ambalo hadi leo uso wake umefunikwa kwa marumaru nusu tu, huku nusu ya juu ikiwa bado ni matofali matupu. Ndani utakuta mstari wa karibu mita 67 uliochorwa sakafuni mwaka 1655 chini ya usimamizi wa mtaalamu wa nyota Cassini. Mwanga wa jua hupenya katika tundu dogo lililo juu na kuangukia mstari huo kila adhuhuri, na kwa kuwa mwezi Desemba jua liko chini sana, doa la mwanga husogea hadi karibu na mwisho wake. Omba tu siku hiyo kusiwe na ukungu, maana ukungu wa bonde la mto Po, ulipo mji huo, unaweza kukaa kutwa nzima.

Kama tikiti hazijanunuliwa, ningewashauri mfike baada ya tarehe 6 Januari. Tarehe 25 na 26 Desemba, 1 Januari na 6 Januari ni sikukuu za kitaifa, baadhi ya vivutio hufungwa na bei za vyumba hupanda. Isitoshe, maduka ya Italia huanza punguzo lao kubwa la majira ya baridi siku za mwanzo za Januari, na nadhani hoja hiyo itamridhisha wifi yako kuliko zote nilizozitaja.

Sasa nije kwenye ugomvi. Mawifi hutaniana kwa desturi, lakini utani huisha haraka mtu anapokuwa na baridi na miguu inamuuma. Kubalianeni mapema, kabla ya kuondoka Bagamoyo, kwamba hamtafuatana kutwa. Florence ni mahali pazuri pa kulianza zoezi hilo. Kuba la kanisa kuu, lililojengwa na msanifu Brunelleschi kati ya mwaka 1420 na 1436 bila kiunzi cha mbao cha kuliegemeza kutoka chini, hupandwa kwa ngazi 463 na hakuna lifti, tena nafasi huwekwa kabla. Panda peke yako, naye akae mgahawani akinywa kitu cha moto. Mkutane saa ya chakula, mahali mlipopataja kwa jina na si “pale karibu na kanisa”. Jihadharini na Jumatatu, kwani siku hiyo jumba la sanaa la Uffizi hufungwa, na vilevile jumba la Accademia lenye sanamu ya Daudi iliyochongwa na Michelangelo. Kuhusu fedha, wekeni mfuko mmoja wa treni na chakula ambao kila mmoja anachangia sawa, na ununuzi wa mtu ubaki mfukoni mwake.

Kuna mji mmoja hukuutaja ambao mimi ningeutanguliza mbele ya Milan. Ravenna iko mwendo wa saa moja na kitu kwa treni ya kawaida, ni tambarare, na hazina zake ziko ndani ya kuta. Katika kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547, kuta zimepambwa kwa vipande vidogo vidogo vya vioo vya rangi na dhahabu vinavyomwonyesha mfalme Justinian na malkia Theodora pamoja na watu wa baraza lao. Wifi yako ataweza kuketi na kutazama juu, jambo ambalo hata asiyependa makumbusho halimchoshi. Mkikata tikiti ya karatasi ya treni hizi za kawaida, igongesheni muhuri kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, la sivyo mtatozwa faini.

Roma haina baridi kali kama Bologna. Colosseum, uwanja wa kale wa michezo uliofunguliwa mwaka 80, ionekane asubuhi. Pantheon, hekalu la kale lililokamilishwa zama za mfalme Hadrian, ingieni hata kama mvua inanyesha, kwa sababu kuba lake lina tundu la wazi la upana wa karibu mita 9, mvua huingia moja kwa moja na maji hutoka kwa vitundu vilivyo sakafuni. Kaskazini mwa jiji uko Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995. Kwa kuwa adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana kwa karibu sana msimu huo, tumieni ruhusa ya msafiri ya kukusanya sala.

Chakula cha Bologna kinataka macho. Mortadella ni nguruwe, tortellini hujazwa nguruwe, na mchuzi wa nyama unaoitwa ragù mara nyingi huchanganywa nyama hiyo. Ulizieni tortelloni za jibini laini, samaki, au piza ya mbogamboga, na kijana wenu atawaonyesha mabucha ya halali.

Koti zito, soksi za sufu na viatu vyenye soli nene mtavipata kwenye mitumba ya Karume, Dar es Salaam, kwa bei ambayo Italia hamtaiona. Usiku wa Bologna huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri. Viza ya Schengen, ya kuingia Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, huombwa mapema hadi miezi sita kabla na si chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Kijana awatumie barua ya mwaliko, na mkishafika aitaarifu polisi ndani ya saa 48 kwamba amewapokea wageni, kwani sheria ya huko inamtaka afanye hivyo.

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii hapa Bagamoyo. Mwezi Februari nitakwenda Venice na mwenzangu wa kazi. Je, ni kweli mji hufurika? Na je, shanga zilizobebwa na misafara ya hapa kwetu zilitoka huko?
Msomaji, Kaole

JIBU: Maji ya Venice hujaa na kupwa kama ya kwenu, na hupanda zaidi bamvua linapokutana na upepo wa kusini mashariki unaoyasukuma maji ya Bahari ya Adria kuelekea wangwa wa mji. Novemba 2019 yalifika sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 milango ya chuma huinuliwa baharini maji makubwa yanapotabiriwa, kwa hiyo mafuriko ya namna ile yamezuiwa, ingawa uwanja wa San Marco, ulio chini kuliko sehemu nyingine, bado huweza kulowa. Bebeni viatu vya mpira. Februari ni msimu wa karnivali na vyumba huwa ghali, hivyo laleni Mestre, ng'ambo ya daraja, mwendo wa dakika kumi kwa treni.

Shanga nyingi zilizotoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19, pamoja na merikani na nyaya za shaba, kweli zilitengenezwa Venice. Mwaka 1291 matanuri ya vioo yaliamriwa kuhamishiwa kisiwa cha Murano kwa kuhofia moto, na makumbusho ya vioo yaliyoko huko yana shanga za zamani. Vivuko vya Murano huondokea gati la Fondamente Nove. Nendeni asubuhi, kisha mkirudi mpite katika mfereji mkuu mlione jumba la Fondaco dei Turchi, ambalo kuanzia mwaka 1621 wafanyabiashara Waislamu wa dola ya Uthmaniya waliruhusiwa kulala na kuhifadhi bidhaa zao humo. Siku hizi ni makumbusho ya viumbe na mazingira.