Zabibu hazimsubiri mtu

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Hapa Hombolo hatujambo, baba yako magoti tu. Umeuliza kama mtie ile dawa ya kuzuia juisi isichache, maana rafiki yako anasema bila hiyo hamtauza Dar. Dawa hiyo inaruhusiwa kwa kipimo chake, sitakudanganya kwamba ni sumu. Ila mimi sijawahi kuinunua, na chupa za msimu uliopita ziko kabatini hazijabadilika ladha.

Kinachochachusha juisi ni hamira inayokaa kwenye ganda la zabibu yenyewe, na hamira inakufa kwa moto. Mchungaji alitusimulia kwenye kikundi cha akina mama habari za Thomas Welch, daktari wa meno wa Marekani. Mwaka 1869 alitia juisi ya zabibu kwenye chupa, akaziba, akachemsha chupa zenyewe, ili kanisani wapate kikombe kisicho na kilevi. Sisi Hombolo tuliyajua hayo kwa shida zetu wenyewe.

Unaukumbuka msimu ule lori la mnunuzi halikuja? Ulikuwa mdogo, lakini ndiye uliyenishikia tochi. Mnunuzi alishapita na kile kidude chake cha kupimia sukari, akasema kateni. Tukakata. Kreti zikapangwa chini ya mkwaju, na baba yako akakaa barabarani na daftari lake. Kesho yake nyuki walikuwa wengi kuliko watu, na kreti za chini zilishaanza kutoa harufu ya pombe. Nikamwambia, baba Neema, zabibu hazimsubiri mtu. Akanijibu, “Utamaliza kuni bure.” Mbele ya shangazi zako!

Nikaazima masufuria ya harusi. Tulinyambua vichala, tukatupa vikonyo na zilizooza, tukaponda kwa mikono, maana ukisaga kwa mashine mbegu zinavunjika na juisi inakuwa na ukakasi. Tukazipasha na maji kidogo, moto wa wastani, mpaka maganda yakaachia rangi. Kisha tukachuja kwa kitambaa bila kukikamua. Shangazi yako mkubwa alikikamua, ndiyo maana sufuria lake lilitoka na tope.

Bado nasikia lile neno, “bure”. Labda alikuwa na aibu tu, kwa kuwa ndiye aliyeongea na mnunuzi. Lakini aibu yake kwa nini inishukie mimi? Haya, tuyaache. Chupa za juisi ile alizibeba mwenyewe mpaka stendi ya Jamatini, akawauzia wasafiri, ada yako ikatoka humo. Krismasi nikamsikia anawaambia wageni, “Tulipoona lori haliji, tukaamua kutengeneza juisi.” Tukaamua! Sasa hivi yuko barazani anasikiliza redio, na hajui ninayoyaandika.

Turudi kwenye yako. Ukishachuja, iweke kwenye friji siku moja au mbili. Chini utaona chembe kama mchanga. Ni chumvi ya zabibu, haina madhara. Mimina ya juu taratibu. Sukari ni hiari yako. Zabibu aina ya Makutupora nyekundu ikiivia mtini haihitaji, na ukiikata mbichi haitaongeza utamu nyumbani kama embe. Ipashe tena mpaka ikaribie kuchemka, ijaze ikiwa moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, ukiacha nafasi ndogo juu, vifuniko viwe vipya. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, kwenye kitako, panga chupa juu yake, maji yazifunike, yachemke. Mimi nahesabu dakika 10, kwa sababu Dodoma tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari na maji yanachemka kabla ya nyuzi 100. Huko kwako Tabata, kwa chupa zisizozidi lita moja, dakika 5 zinatosha. Kifuniko kikipoa kikabonyea katikati, umefaulu. Kikirudi juu ukikibonyeza, hiyo iende kwenye friji mnywe wiki hiyo.

Kuhusu rafiki yako, sisemi kitu, biashara ni yenu. Ila mtu anayetafuta dawa kabla hajawasha jiko… Hapana, nimesema sisemi. Pengine yeye ana haraka kwa kuwa kodi ya chumba haimsubiri, kama zabibu. Na mkitaka kuingia madukani, TBS, wale wa shirika la viwango, watataka kujua kilichomo kwenye chupa, iwe kuna dawa au hakuna. Muulize kama hilo analijua.

Uvunaji wa Agosti unakaribia. Njoo naye, alale hapa, aponde kwa mikono yake, ndipo mwongee hayo ya dawa. Na mje na vifuniko, vile vya chuma vya kuzungusha. Dodoma mjini nimevikosa.

Mama yako