Unaezeka kwa watu, kwenu kunavuja

Kaka, shikamoo. Swali lako kwenye kundi la ukoo nimelisoma mara tatu kabla mtandao haujakatika: "Wewe huko ng'ambo unaezeka shule za watu, nyumba ya mama hapa Muheza inavuja. Faida yako sisi ni ipi?" Shangazi naye akadakia kwamba niko jirani na Australia halafu nalia njaa. Basi nawajibu wote kwa pamoja, bila kuremba.

Shangazi, hapa si Australia. Ni Pentecost, kisiwa kimoja cha Vanuatu, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, chembamba, urefu wake kama kilomita 60, milima na msitu na mvua. Niko kaskazini, kwenye shule ya bweni ya Kianglikana, misheni kama tulivyozoea Magila. Ninyi mkila cha mchana saa sita, huku ni saa mbili usiku na sola imeshachoka. Hela yao ni vatu, na dola moja ya Marekani inakupa kama 120, kwa hiyo mkisikia "elfu kumi" msidhani nimeukata. Mimi najitolea. Napewa posho ya sabuni, mchele na bando, na mwaka jana walionileta waliichelewesha miezi minne. Sikuwaambia. Nilikuwa nawatumia picha za bahari.

Ile picha ya ufukweni mliyoisifia, nilikuwa nasubiri meli. Hakuna gati. Meli inasimama mbali, boti inaleta magunia ya mchele na mabati, nasi tunaingia majini hadi kifuani kuyapokea. Bati lina makali. Wimbi likilisukuma, linakupitia kiganjani kama wembe, kovu ninalo. Toka hapo hadi shuleni ni kupanda mlima tu, na bodaboda sahau.

Asubuhi nafundisha hisabati na sayansi. Mchana ni jembe, maana wanafunzi wa bweni wanakula wanacholima, magimbi na viazi vikuu. Siku ya Ijumaa wazazi wanakuja kwa kazi ya pamoja. Ni msaragambo uleule wa kwetu, ila huku asiyefika hatozwi faini, wanamnyamazia tu, na nawaambia hiyo ndiyo kali zaidi. Karo wengi wanailipa kwa kilimo cha kava, mmea ambao mizizi yake wanatengenezea kinywaji, wengine kwa mbata. Nilivyowaona wanapasua nazi na kuzikausha kwa moto nikajua hapa nimefika nyumbani. Mama atacheka: nakuna nazi. Wana mbuzi kama ya kwetu, unakalia, meno mbele, na wanaume wanakuna bila aibu. Wanaparuza magimbi, wanamwagia tui, wanafunga kwa majani na kuvipika kwa mawe ya moto. Wanaita laplap. Wiki ya kwanza tamu. Mwezi wa tatu nilikuwa naota ugali na bamia.

Ubaguzi mliouuliza sijauona. Watu hapa ni weusi, nywele kipilipili, na wageni hunisemesha Kibislama, lugha ya taifa ya huku, wakidhani nimetoka kisiwa cha jirani. Mzee mmoja niliposema Tanzania alisema "Nyerere" kabla sijamaliza. Waziri Mkuu wao wa kwanza baada ya uhuru wa 1980, Walter Lini, alikuwa padri wa Kianglikana, mzaliwa wa kisiwa hiki hiki, na alihubiri ujamaa wa Kimelanesia, yaani wa watu weusi wa visiwa vya huku. Tangu siku ile mzee ananiletea papai. Jambo jingine: mikeka hapa ni mali, inatolewa kwenye harusi na misiba, na mkeka mkubwa kwa lugha ya huku unaitwa bwana. Mara ya kwanza kusikia "lete bwana" niligeuka.

Sasa paa. Oktoba 2023 kimbunga Lola kilipita hapa. Nilipofika mwanzoni mwa 2024 watoto walikuwa wanasomea kwenye mahema, jua likiwaka hakukaliki. Sikuja kuezeka, nilikuja kufundisha. Lakini utasimamaje ubaoni na huku baba wa mwanafunzi wako yuko juu peke yake anashindana na mbao? Nikapanda. Mei ya mwaka ule ule kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea Mafia, ninyi mlinitumia vichekesho. Wenzangu hapa waliniuliza kama nyumba ya mama imefungwa kenchi na ukuta kwa vyuma. Nilidanganya nikasema ndiyo.

Kaka, jibu zuri sina. Huku wanataka mikono yangu na mikono ninayo. Huko mnataka hela. Ningekuwa hapo ningepanda mwenyewe juu ya paa la mama, ingawa, tusemezane ukweli, nilipokuwa hapo lilikuwa linavuja pia na sikupanda. Huku wananiita tija, yaani mwalimu kwa Kibislama, wananishukuru mbele za watu, na nimeonja utamu wa kushukuriwa. Hilo nalo limo.

Desemba shule ikifunga narudi. Kabla ya hapo nitatuma za chumba cha nyuma, bati kumi na nne, geji 28, posho ikitoka. Fundi asitumie misumari, atumie skrubu, na kwenye kingo na kule juu mgongoni azikaze karibu karibu, maana upepo unaanza kunyofoa hapo. Kenchi azifunge na ukuta. Akibisha, nipigie nimweleze mwenyewe, ila iwe kabla ya saa saba mchana wenu. Baada ya hapo nimelala.