Maswali ya wasomaji: planta inaruka, mbolea inaganda, ufuta unamwagika

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu waliokwisha kununua planta, yaani mashine ya kupandia mbegu, na sasa wanagombana nayo. Tumeanza na iliyo na kazi kubwa zaidi.

Nina planta ya ng'ombe ya mstari mmoja, ile ya sahani yenye vitobo inayozunguka na kutoa mbegu. Msimu uliopita mahindi yaliota kwa mafungu: hapa matatu yamebanana, mbele yake hatua nzima hakuna kitu. Mbegu ni ya dukani na kisanduku kilikuwa kimejaa. Fundi alisema nibadilishe cheni, nimebadilisha, hali ni ile ile. (Mkulima, Babati)

Cheni ungeiacha kwanza. Kwa dalili ya mafungu kisha pengo huwa tunalishuku bomba la mbegu kabla ya kitu kingine, lakini usituamini kwa maneno, hesabu.

Inua planta juu ya magogo mpaka gurudumu lizunguke hewani. Pima mzunguko wa gurudumu kwa kamba. Lenye kipenyo cha sm 50 lina mzunguko wa sm 157, kwa hiyo likizunguka mara 20 ni sawa na kutembea mita 31.4. Ukitaka mbegu moja kila sm 30, lazima zidondoke kama 105. Tandika gunia chini ya bomba, zungusha kwa mwendo wa ng'ombe, uhesabu.

Zikija 80, tatizo liko kwenye sahani. Shika mbegu kumi mkononi uzijaribu moja moja kwenye vitobo: mbegu iingie ilale yenyewe, ikiwa na nafasi ya kucheza ya kama milimita moja. Kitobo kidogo huruka, kikubwa hubeba mbili. Unene wa sahani nao una maneno. Mbegu bapa hutaka sahani nyembamba, za mviringo hutaka nene; zikichomoza juu, brashi au kikwangulio kitazikata. Kwenye gunia tafuta zilizopasuka. Ukiona tano katika mia, sahani si ya mbegu hiyo, au kikwangulio kimekazwa mno. Ndiyo maana mfuko mwingine wa mbegu ya aina ile ile unaweza kukuharibia mpango: madaraja ya ukubwa yamebadilika.

Zikija 105 kwenye gunia lakini shambani unaona mapengo, sahani haina kosa. Kuna mawili. Gurudumu linateleza kwenye udongo laini au kwenye mabua, na likiteleza sahani haizunguki. Piga alama ya chaki kwenye gurudumu, tembeza mizunguko 10 shambani upime umbali. Ukizidi mita 15.7 kwa kiasi cha kuonekana, hapo ndipo mbegu zinapopotelea. Ongeza uzito, au kaza springi inayoligandamiza chini. La pili ni bomba. Watu wengi hushusha planta ng'ombe wakiwa wamesimama, au hurudi nyuma hatua moja kuweka mstari sawa. Kisu kinachopasua mfereji kinajaa udongo, mdomo wa bomba unaziba nusu, mbegu zinajikusanya mle ndani halafu zinaanguka kwa mkupuo. Hayo ndiyo mafungu yako. Shusha planta ng'ombe wakiwa tayari wanatembea, na kila unapogeuza mwisho wa mstari chungulia mdomo wa bomba.

Nina ekari tatu, ng'ombe sina. Dukani wananipa mbili nichague: ya kudunga kwa mikono, au ya kusukuma yenye midomo kuzunguka gurudumu. Magoti hayana nguvu kama zamani. (Mzee wa Kiteto)

Shikamoo mzee. Ekari moja ya mita 40 kwa 100, mistari ikiachana sm 75, ina kilomita 5.3 za mistari. Kwa ya kudunga, kila sm 30 ya safari hiyo ni dungo moja, yaani karibu madungo 17,800. Ya kusukuma ni matembezi tu: kwa mwendo wa pole wa kilomita 2 kwa saa, ekari ni chini ya saa tatu ukiacha kugeuza na kujaza mbegu.

Lakini ya kusukuma inadai shamba lililolimwa na kulainishwa. Kwenye ardhi ngumu midomo haizami, mbegu inabaki juu kwa kwale. Kwenye mfinyanzi uliolowa midomo inaziba ndani ya mistari michache. Shamba lako likiwa la mabua na halilimwi, chukua ya kudunga, umpe kijana. Na aishike namna hii: mikono ya planta ikiwa imeachana, midomo ya chini imefumbana, dunga hivyo, kutanisha mikono mbegu itoke, nyanyua mikono ikiwa bado imekutana, ndipo uiachanishe. Anayedunga midomo ikiwa wazi anapanda udongo.

Na kabla hujalipa, muulize mwenye duka kama ana vipuri.

Sanduku la mbolea limeganda DAP, mbolea ya kupandia, na mahindi ya kwanza yalitoka manjano na mengine hayakutoka kabisa. (Msomaji, Mbozi)

Ni makosa mawili. DAP hunyonya unyevu wa hewa, hivyo ikilala ndani ya sanduku asubuhi ni jiwe, na chuma chake kimeanza kuliwa. Jioni imwage yote, osha kwa maji, anika, pitisha kitambaa chenye oili kwenye sehemu za chuma za upande wa mbolea tu.

Kuhusu kutoota, fukua kwa kidole mashimo matano ya mwanzo. Mbolea ikiwa imekaa juu ya mbegu, imeiunguza. Inatakiwa iwe sm 5 pembeni na sm 5 chini yake. Planta nyingi za bei ndogo haziwezi hilo, zinatupa vyote shimo moja. Ya namna hiyo iache sanduku la mbolea tupu, utie mbolea kwa mkono. Yenye bomba mbili ipime: mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari ni gramu 94 kila mita 10 za mstari. Funga mfuko wa nailoni kwenye bomba, tembea mita 50, upime. Ije gramu 470.

Ufuta nachanganya na mchanga ili usimwagike, lakini mwanzo wa mstari hautoki na mwisho umesongamana. (Dada wa Nachingwea)

Mchanga ni mzito kuliko ufuta. Planta ikitikisika mchanga unashuka kwanza, ufuta unapanda juu na kutoka mwishoni. Tena mchanga husaga sahani za plastiki. Tafuta sahani au rola ya vitobo vidogo ya mbegu ndogo. Tandika nailoni iliyopakwa mafuta ya kula, ipitishe planta juu: mbegu zinanata pale pale zilipoangukia na nafasi unaiona kwa macho. Kina kisizidi sm 3. Sahani ya plastiki ikiwa inashika mbegu kama sumaku, ioshe kwa maji ya sabuni ikauke kivulini bila kuifuta.

Nakodi trekta lenye planta ya mistari minne. Dereva ana haraka kwa sababu analipwa kwa ekari. Nimbane vipi? (Kongwa)

Pima mita 100 na ushike saa ya simu. Planta ya sahani inataka kilomita 4 hadi 6 kwa saa, hivyo mita 100 zichukue sekunde 60 mpaka 90. Chini ya 60, msimamishe. Fukua mita moja katika kila mstari, yote minne, si ule ulio karibu nawe. Mara nyingi mmoja umeziba na dereva hana habari. Mahindi yakishaota, kata kamba ya mita 5.33, ilaze kwenye mstari wa sm 75 na uhesabu miche. Kila mche mmoja ni 1,000 kwa ekari. Ukipata 17 au 18, mlipe. Ukipata 12, zungumzeni ni nani atagharamia kurudishia.