Umeme ukienda, unarudi wapi?

Mwanangu,

Huku Ngamiani, Tanga, hatujambo. Mama yako anauliza kama Idi hii unakuja mwenyewe au utatuma tena salamu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema una miaka miwili kazini, unachora bodi za saketi za tabaka mbili, yaani shaba juu na shaba chini, na zinawaka, lakini kazi nzito anapewa mwenzako. Sasa unataka kujua ukasome kozi gani, au ununue programu gani ya bei kubwa. Umemuuliza fundi redio asiye na digrii, basi utajibiwa kifundi.

La programu tulimalize upesi. Hiyo KiCad unayochorea bodi ni ya bure. Aliianzisha Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, na hata CERN, wale wanaogonganisha chembe kule Geneva, wamechangia kuiendeleza. Bodi ya tabaka nne inachora bila wasiwasi. Penseli unayo.

Sasa nikupe kisa cha harusi ya Makorora, wewe hujazaliwa bado. Niliunda amplifaya kwa mikono yangu. Bodi niliichora kwa wino juu ya shaba, nikaichovya kwenye feriki kloraidi, dawa inayokula shaba isiyo na wino. Dukani iliimba vizuri, kwa sauti ya chini. Usiku wa shughuli mwimbaji wa taarabu akashika maiki, nikapandisha sauti, spika zikaanza kuguna kama ng'ombe mwenye njaa. Akina mama walinitazama kana kwamba nimeiba mchele wa pilau. Siku tatu nzima nilibadilisha transista, nikamaliza hela ya spea, na kosa halikuwa huko. Mkondo mkubwa wa spika ulikuwa unarudi kwenye pawa kwa kupita njia ileile ya graundi, yaani njia ya kurudia umeme, niliyoipa maiki.

Piga hesabu uone. Njia ya shaba yenye upana wa milimita 1 na urefu wa sentimita 10, kwenye shaba ya kawaida ya mikroni 35, ina ukinzani wa karibu ohm 0.05. Pitisha ampea 2, tayari una volti 0.1 kati ya ncha mbili za kitu ulichokiita graundi. Unaona ni kidogo? Maiki yenyewe inatoa milivolti chache tu. Nilikata njia ile kwa wembe, nikavuta waya mnene wa peke yake toka spika hadi kwenye kapasita kubwa ya pawa, kile kikopo kinachotunza umeme, mguno ukafa palepale.

Fungua ile picha ya bodi uliyonitumia, ile unayosema inaikoromesha redio ikiwekwa karibu. Tazama njia ya saa, ile ya mapigo ya kasi, inayotoka kwenye chipu kwenda kwenye skrini. Juu imenyooka, inapendeza. Geuza nyuma: graundi umeikata katikati ili upitishe njia ya kitufe. Kitufe, mwanangu! Mkondo wa kasi hurudi moja kwa moja chini ya njia uliyojia. Ukikuta pengo huzunguka, na mzunguko ule ukishapanuka, hapo umeshajenga antena bila kukusudia. Kitufe kingeweza kuzunguka ukingoni mwa bodi wala kisilalamike. Na ile kapasita ya kuingizia umeme kwenye rekebisha-volti, chipu inayotuliza volti, umeiweka mbali karibu sentimita 2. Ilitakiwa igusane mabega na chipu, kwa sababu hapo mkondo unakatwa na kuunganishwa maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde.

Kwa hiyo fanya hivi: kabla bodi haijaenda kiwandani, ichapishe kwenye karatasi, kubwa, chukua kalamu nyekundu uchore mikondo inavyorudi. Inavyokwenda unaijua, programu inakuonyesha. Mahali kalamu itakapolazimika kuzunguka, rudi kwenye kompyuta. Utaona aibu kidogo, mimi mpaka leo huwa naiona. Tabaka nne zitakuwa rahisi baada ya hapo, maana tabaka moja zima unaliachia graundi.

Kozi nenda, sikukatazi. Ila zikija bodi, moja ichomelee mwenyewe. Ukishindwa kuingiza ncha ya chuma cha kulehemu kati ya kapasita mbili, au ukitafuta mahali pa kugusisha mita ukakosa, utajua mafundi tunawasemaje nyinyi wachoraji.

Hapa mezani nina bodi ya friza ya muuza samaki wa Sahare. Aliyeichora hakuwa mjinga, ila naona alichorea mbali na bahari. Kati ya mguu wa rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, wenye volti 230 na njia ya volti 5 pana pengo lisilofika milimita 2. Chumvi ya hewa ililala hapo, masika ikailowesha, umeme ukatambaa juu ya bodi mpaka umeacha alama nyeusi yenye matawi, utadhani mkoko mdogo. Angelipasua ufa chini ya ile rilei, umeme ungekosa pa kutambaa. Mwenye friza nimempatia bodi nyingine, hii nimeifunga kwenye gazeti kwa ajili yako, sijaisafisha.

Njoo na ile yako inayokoroma. Wembe ninao.

Baba yako