Kabla hujajaza fomu ya likizo, zijue siku zako

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupokea fomu za likizo na kuzipitisha. Watu makini kabisa, wanaojua makato yote ya mshahara wao, walikuwa wanakuja mezani kwangu kuuliza: "Hivi mimi nimebakiwa na siku ngapi?" Iliniuma kila mara. Likizo yenye malipo ni sehemu ya ujira wako, umeshaifanyia kazi. Bosi anayesaini fomu anapanga tu lini uende, hakupi zawadi.

Anza na aina ya siku, maana hapo ndipo wengi wanapopunjika. Siku za kazi si sawa na siku mfululizo. Sheria ya Tanzania inampa mfanyakazi angalau siku 28 mfululizo kwa mwaka, na humo zimo Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ya Kenya inasema angalau siku 21 za kazi. Ukisikia hivyo utadhani 28 ni nyingi zaidi. Lakini kwa anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, 28 mfululizo ni wiki 4 kamili, na 21 za kazi ni wiki 4 na siku moja. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki hesabu inageuka: zile 21 zinakuwa wiki 3 na nusu. Kwa hiyo usiishie kusoma namba kwenye mkataba wako, soma na neno linaloifuata.

Nakumbuka dada mmoja wa stoo aliyeomba siku 10. Mkataba wake ulisema siku za kazi, lakini kwenye daftari alikatwa 14, kwa sababu msimamizi wake alihesabu na wikiendi mbili. Alikuwa na nakala za fomu zake zote kwenye bahasha. Alizipanga mezani, tukapitia tarehe ya kuondoka na ya kurudi kazini, moja baada ya nyingine, na siku zake 4 zikarudishwa siku hiyo hiyo. Asingekuwa na zile nakala, lingekuwa neno lake dhidi ya daftari.

Siku hizo hulimbikizwa kidogo kidogo. Mwenye siku 21 kwa mwaka anajipatia 1.75 kila mwezi anaofanya kazi. Sehemu nyingine hukuruhusu kuchukua kabla hazijatimia, lakini ukiacha kazi mapema ziada hiyo inaweza kukatwa, kwa hiyo uliza kwanza.

Je, zisizotumika zinahamia mwaka ujao? Inategemea sheria na mkataba, na mara nyingi kuna tarehe ya mwisho. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, uliweka kima cha chini cha wiki 3 kwa mwaka na haukubali mfanyakazi auze kiwango hicho kwa fedha. Naunga mkono kabisa. Nimeona watu wakiuza likizo mwaka baada ya mwaka, na fedha ile haikuwapumzisha. Si nchi zote zilizoridhia mkataba huo. Marekani, kwa mfano, haina sheria ya shirikisho inayomlazimu mwajiri binafsi kutoa likizo yenye malipo, hivyo huko mengi hutegemea mkataba wa ajira.

Ukiugua ukiwa likizoni, toa taarifa na uchukue cheti cha daktari siku hiyo hiyo. Katika sehemu nyingi siku hizo zinaweza kuhamishiwa likizo ya ugonjwa, lakini bila karatasi hakuna wa kukusikiliza.

Ombi lako peleka mapema, kwa maandishi, na jibu lako lidai kwa maandishi. "Sawa, nenda tu" ya kwenye korido husahaulika haraka.

Na ukiacha kazi, siku ulizobakiwa nazo kwa kawaida hulipwa. Usikubali kuonyeshwa jumla tu. Uliza mshahara wa mwezi umegawanywa kwa ngapi ili kupata wa siku moja. Kama siku zako ni za kazi na wiki yako ni ya siku 5, mwezi una siku za kazi 22 hivi. Wakigawanya kwa 30, kila siku unayodai imepunguzwa zaidi ya robo.